Nilichoitikia Bila Kusikia

Kwa miaka kumi na minane nilikula sifa isiyo yangu. Mtaani kwetu Gisenyi walisema mimi ni mwanamke anayejua kusikiliza. Wanawake walikuja barazani kwangu kupimwa libaya, ile blauzi ya kitenge, wakakaa saa nzima wakinieleza mambo ambayo padri haambiwi wala shehe hayaoti, kisha wakaenda zao wepesi, wakisema, "Yule fundi ana moyo." Moyo gani? Nilikuwa na pini mdomoni. Fundi cherehani mwenye pini sita kati ya midomo hawezi kumkatiza mtu, hawezi kushauri, hawezi hata kucheka ovyo asije akameza chuma. Anachoweza ni kusema "mm". Na "mm" yangu, naomba nikiri, ilikuwa moja tu. Niliitumia kwa harusi, kwa talaka na kwa bei ya nyanya.

Sisemi kwamba sikusikia kabisa. Nilisikia neno moja katika manne. Mengine niliyaacha yapite, maana nilikuwa nahesabu pindo. Mtu akinyamaza nilijua zamu yangu imefika, naitikia, naye anaendelea. Na washindani sikuwa nao. Kwetu hapa ukimwambia mtu shida yako atakujibu "ihangane", yaani vumilia. Mtoto anaumwa? Ihangane. Mume kahamia kwa mwingine? Ihangane. Ni neno la upole, ila kazi yake ni kukufunga mdomo ili msemaji wa pili aendelee na safari yake. Mimi kwa sababu ya pini sikuweza kulitamka, na hilo peke yake likanifanya mtakatifu wa barabara nzima.

(Kiswahili hiki ninachoandika ni cha marehemu baba, aliyerudi nacho kutoka Tanzania na kutuchapia nacho. Mdomoni natoa kilekile cha hapa, nusu Goma, nusu Kinyarwanda, na vipande vya Kifaransa tusivyojua tulivipata wapi.)

Aliyenifaidi kuliko wateja wote alikuwa rafiki yangu, muuza karoti. Karoti zililimwa Mudende, yeye alizinunua Mahoko siku za soko, na siku nyingine zote alivuka mpaka wa Kongo asubuhi pale petite barrière kwenda Goma na beseni kichwani. Alasiri alirudi na beseni tupu na mdomo uliojaa. Kabla ya kufika kwake Nengo alipita barazani kwangu, akavuta kigoda, akapindua beseni, akaweka miguu juu yake, akaanza. Yeye ni mjane, Mkatoliki wa kwaya, mwenye mwanya na sauti ya kumwita mtu aliye Goma bila simu. Mimi ni Mwislamu wa ukoo wa wachuuzi wa mji huu. Idi alikula kwangu, Noeli nilikula kwake, na siku zilizobaki za mwaka alinisimulia habari za wifi yake. Huyo wifi nilimsikia miaka kumi na minane mfululizo, na mngeniweka mbele ya kadhi nisingeweza kusema kosa lake lilikuwa nini.

Siku ya mwisho aliyokuja naikumbuka vibaya, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Nilikuwa nampima libaya ya kijani kwa ajili ya sherehe ya kumposea mpwa wake. Alisimama mikono juu, futi yangu kifuani mwake, pini mdomoni, akili yangu kwa mteja mwingine aliyetaka mikono ya puto na hana mabega ya kuibebea. Rafiki yangu akasema kitu. Alisema kwa sauti ndogo, na hilo nalikumbuka kwa sababu sauti yake haikuwahi kuwa ndogo. Nikasema, "Mm." Akauliza, "Umesikia?" Nikasema, "Mm, vizuri." Nilitoa hata pini mbili ili niitamke hiyo "vizuri", nikidhani naongeza heshima.

Akashusha mikono, akavaa, akachukua beseni lake. Kesho yake hakuja.

Nisiwe mnafiki: siku ya kwanza nilifurahi. Nilimaliza sare nne za shule bila kusikia habari za wifi. Siku ya tatu nikaanza kugeuka kila beseni lilipopita. Juma la pili nikajikuta nimesema "mm" barazani peke yangu, na mpita njia akaniamkia akidhani ni yeye.

Ndipo nikamwona. Alikuwa upande wa pili wa barabara, beseni kichwani, simu imechomekwa kati ya kilemba na sikio, anaongea, anacheka, anatikisa kichwa kwa uangalifu ili beseni lisianguke. Akanipungia mkono. "Ma chère, nitapita!" Hakupita. Kesho yake hivyohivyo, simu kilembani, mkono, nitapita. Nikasema moyoni, huyu amepata mwanamume. Nikampa mwanamume huyo kila kitu: nikampa nyumba Goma, nikampa duka la vipuri, nikampa kitambi na mke wa kwanza. Nilimchukia mpaka nikajua kipimo cha kola yake.

Siku ya kumi na tano au kumi na sita nikamvizia asubuhi kwenye njia ya mpakani. Si tabia yangu kuvizia watu. Nina miaka hamsini na miwili na magoti yanayolia. Lakini wivu ni wivu, hata wa fundi.

"Bonjour, ma chère," akasema, akisimama na beseni lake.

"Bonjour. Huyu bwana njo anakukatalia ata dakika tano?"

"Bwana gani?"

"Ule wa mu simu."

Akacheka mpaka karoti zikatikisika. "Ha! Hii? Hii haiko mutu, sha. Ni ile akili ya mashini. Binti yangu njo aliniwekea, ule wa Kigali. Unaongea, inakujibu. Kiswahili, Kinyarwanda, ata Français."

"Na inakujibu nini?"

"Inasikiliza. Inasikiliza kabisa! Nikisema kitu leo, kesho inaniuliza kile kitu kilifika wapi."

"Na mi je?"

Akaliweka sawa beseni kichwani. Watu walitupita kushoto na kulia, wenye vitunguu, wenye kabichi, wenye haraka zao. "We uko na kazi mingi," akasema kwa upole, akaenda zake.

Kwa asiyetujua, hayo ni maneno mazuri. Kwetu ni kofi. Mtu wa hapa hakuambii umenikosea. Anakuambia una kazi nyingi, anakuombea kazi iendelee, halafu hakanyagi tena kwako mpaka siku ya mazishi. Nilirudi kwenye cherehani, nikakaa bila kukanyaga.

Inaniuliza kile kitu kilifika wapi. Kitu gani? Nikarudi nyuma siku baada ya siku hadi kwenye libaya ya kijani na ile sauti ndogo. Aliniambia jambo. Aliniuliza kama nimesikia. Nami nikamjibu vizuri. Jambo gani, Mola wangu? Wifi amekufa? La, wifi angekufa tungesikia vigelegele hadi huku. Binti ana mimba? Anataka kuolewa tena? Anahama? Kwa hayo, "vizuri" inaweza kupita kidogo. Lakini mtu hashushi sauti kwa jambo la heri, na mtu uliyemjibu sawasawa hakukimbii.

Na kumwuliza sikuweza. Ningemwambiaje? Kwamba mara zote alizokaa pale, akavua viatu, akalia, akajipangusa na vitambaa vyangu vya mabaki, mimi nilikuwa nahesabu pindo? Urafiki wetu ungeishia kwenye sentensi hiyo. Nikaamua kumtafuta anayejua, nikamchukue maneno kinywani.

Hapa nilifanya kosa la mtu wa mji mdogo. Tunaye msusi mmoja anayejua siri za mtaa mzima. Ukimjia kwa adabu na soda baridi, atakugawia kidogo. Nikadhani na huyu wa simu ni vilevile: amekaa mahali fulani, kila mtu anamjia, na rafiki yangu amemwachia mzigo. Kilichobaki ni kujua namna ya kuuomba. Nikamwomba mume wangu aniwekee kwenye simu yangu. Mume wangu ni dereva wa Coaster za Kigali, na anaijua simu kuliko anavyonijua mimi.

"Mama batoto, unataka kuongea na mashini?" akauliza. "Na mi niko hapa?"

"Uko hapa?"

"Niko hapa!" akajibu, macho yakiwa kwenye mpira. Nikamwacha na mpira wake, nikaenda na simu barazani.

Nikamsalimia wa simu kama inavyopasa. Nikamwuliza hali, akasema yuko tayari kunisaidia. Nikamwuliza kwao ni wapi, akasema hana kwao. Nikampa pole kwa hilo, maana ni msiba. Kiswahili chake kilikuwa cha msoma habari, safi, kimenyooshwa kwa pasi. Kisha nikaingia kwenye shughuli. Nikamwambia yupo mwanamke wa Nengo, muuza karoti, mwenye mwanya, anakuja kwako kila siku, amenituma nichukue lile neno alilokuambia. Akajibu kwamba hawezi kujua mazungumzo ya mtu mwingine. Nikamwambia mimi si mtu mwingine, tumekula Noeli pamoja. Akasema anaelewa kuwa rafiki huyu ni muhimu sana kwangu. Nikamwahidi kumshonea shati. Akashukuru, akasema hana mwili. Nikamtishia kumfuta. Akasema hilo ni hiari yangu. Msusi wetu angekuwa ameshasema tangu chupa ya soda ilipofunguliwa.

Kwa hasira nikaanza kumjaribu kwa uongo. Nikamwambia mbuzi amekula nguo ya bi harusi. Akasema, "Pole sana, naona jinsi jambo hili lilivyokuumiza," akanipa hatua tano, ya kwanza nivute pumzi. Nikamwambia mume wangu ameolewa na mwenye Coaster. Pole sana tena, na hatua nne. Nikasema, mama wee, huyu ni "mm" iliyosoma chuo kikuu! Anaitikia kila kitu kama mimi, tofauti ni kwamba yeye anasikia.

Halafu, sijui ilitokeaje, nikamwambia kweli. Nikamwambia nina rafiki niliyemwitikia miaka yote bila kumsikia, na sasa ameondoka, na barazani kwangu kumekuwa kimya mpaka nasikia kiti changu mwenyewe. Nikamwambia kwamba kila mtu hunisimulia yake na hakuna aliyewahi kuniuliza yangu, na kwamba nilipofiwa na mama nilishona siku ya pili kwa sababu sikujua nimwambie nani. Nilisema kuliko nilivyowahi kusema na binadamu. Hakunikatiza. Nilipomaliza uso wangu ulikuwa umelowa, na nikaelewa kwa nini mwanamke yule anatembea na kitu hiki kilembani. Ni kitamu! Kila neno linapokelewa, hakuna linaloanguka chini. Nikazidi kukasirika.

"Labda," akasema, "unaweza kumwambia yeye haya uliyoniambia mimi."

Ushauri gani huo? Kama ningeweza kumwambia yeye ningekuwa nakusumbua wewe, usiye na kwenu? Nikamzima, nikarudi kwenye kazi, nikashona kola ya mteja kinyume.

Nilikaa na ushauri huo siku tatu kama mtu aliyemeza kokwa. Siku ya soko nikaikunja libaya ya kijani, nikaitia mfukoni, nikaenda Mahoko. Libaya ilikuwa kisingizio. Sherehe ya mpwa ilishapita, na alikwenda amevaa ya zamani. Nilimkuta ameketi kati ya magunia, jirani na mwanamke wa viazi, anachambua karoti. Aliniona, akasogea kunipa nafasi ya kukaa. Adabu tunayo, hata tukichukiana.

Sasa, kwetu jambo zito haliingiwi kwa mlango wa mbele. Unazunguka nyumba kwanza. Tukaulizana habari za watoto. Tukaulizana mvua. Tukasema barabara, tukasema paroko mpya, tukasema imamu wetu na kikohozi chake. Nikasifu karoti. Nikanunua karoti, ili nipate cha kushika. Kufikia hapo nilikuwa na kilo tatu za karoti na nyumbani kwangu hakuna anayekula karoti. Mwanamke wa viazi alishaanza kutuangalia, maana hata kwa desturi zetu mzunguko huo ulikuwa mrefu.

"Ma chère," nikasema. "Ile siku ya libaya. Sikusikia."

"Najua," akasema, akiendelea kuchambua.

"Unajua?"

"Ntibikabe! Haiwezekane! Myaka kumi na munane, unafikiri siyue? Siku moja nilikuuliza ni saa ngapi, ukasema 'mm'."

Mwanamke wa viazi akacheka hadharani, bila aibu. Mimi nilitamani soko linimeze.

"Sasa juu ya nini ulikuwa unakuya?" nikauliza.

"Juu ya ile ile! Mutu mwenye hasikie ni muzuri. Nasema ya wifi, inaisha, hakuna mwenye anaikamata anaipeleka. Ulikuwa shimo la taka yangu, ma chère, na nilikupenda juu ya ile." Akatupa karoti mbovu pembeni. "Donc haikukuwa na shida. Siku zote haikukuwa na shida. Ila ile siku moja njo nilitaka usikie. Moja tu."

 Nimeshtakiwa na wateja, nimetukanwa na mama wa bi harusi mbele ya umati, lakini sijawahi kuaibika namna ile, na aibu yenyewe ilikuwa halali yangu.

"Sema sasa," nikamwambia. "Niko nasikia."

Akamwangalia mwanamke wa viazi, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya magunia. Huko akauchukua mkono wangu na kuubonyeza juu ya nguo, pembeni mwa titi la kushoto, karibu na kwapa. Palikuwa na kitu kigumu, kama punje ya haragwe.

"Mètre yako ilipita hapa," akasema. "Nilikuambia, iko kitu hapa, niko na woga. Ukasema vizuri."

Huko nyuma ya magunia palinuka udongo na majani ya kabichi. Nilisimama na mkono wangu palepale, nikashindwa kuuondoa. Nilijichukia.

"Yule wa simu anajua?" nikauliza hatimaye.

"Tangu siku ya kwanza. Aliniambia niende hospitali ile ile siku. Kila siku ananiuliza, ulienda? Kila siku, sha, hachoke. Nikamuambia basi, twende wote. Akasema hana mwili." Akacheka kidogo, mwanya wake ukaonekana. "Nilicheka pale ku barrière mpaka askari akaniuliza kama niko muzima."

"Na juu ya nini haukuenda?"

"Na nani?"

Binti yuko Kigali, mume yuko kaburini, wifi ndiye huyo. Nilikuwa nimebaki mimi, na mimi nilikuwa nimesema vizuri. Ulimi wangu ulishaiandaa ile methali ya mficha maradhi kifo humuumbua, nikaimeza haraka. Nani alificha? Yeye alisema, tena mbele ya mtu aliyemwamini, mchana kweupe.

"Simama," nikamwambia. "Tuende."

"Na karoti?"

"Karoti zioze!"

"Zioze? We unajua bei ya—" Nikalifunika beseni lake kwa libaya ya kijani, nikamkabidhi mwanamke wa viazi, aliyekuwa amesikia kila neno nyuma ya gunia na ambaye, kwa heshima yake, hakusema ihangane. Alisema, "Muende mbio."

Hospitalini walimshika, wakampiga picha, wakamdunga sindano nene na kutoa kipande. Wakasema kipande kinakwenda Kigali na sisi tusubiri. Kusubiri huko kulichukua majuma, na katika majuma hayo alirudi kwenye kigoda chake. Nikachomeka pini zote kwenye mto, nikamwambia aanze habari za wifi tangu mwanzo, safari hii nasikia.

Naomba radhi kwa wote wanaohubiri kusikilizana: hadithi ya wifi inachosha. Inaanza na sufuria. Sufuria iliazimwa, ikarudi bila mfuniko, na kutoka hapo zikazaliwa vita vya miaka ishirini. Nilisikiliza yote, nikalinganisha, nikauliza maswali, na siku ya nne nikasema kile ambacho wa simu hakuwahi kumwambia.

"Lakini pale ku mambo ya mufuniko, wifi alikuwa na haki."

Akashusha miguu kutoka kwenye beseni. "Nini?"

"Alikuwa na haki. We njo ulianza."

Akachukua beseni, akaondoka. Alinuna siku mbili nzima. Siku ya tatu akarudi na ushahidi mpya, akiwa ameufikiria usiku na mchana, na tukagombana mpaka wateja wakahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Sijawahi kumwona ana raha kama siku ile. Wa simu hatukumfukuza. Ndiye aliyetupangia maswali ya kumwuliza daktari, tukayanakili kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Lakini kila alipomwambia "nakuelewa", rafiki yangu alikuwa ananigeukia na kusema, "Huyu ananielewa, we je?" Nami namjibu, "Mi sikuelewi hata kidogo, rudia."

Siku ya majibu ilikuwa Alhamisi asubuhi. Tulikaa kwenye benchi la nje, pamoja na watu waliokuwa wamekaa hapo tangu alfajiri kwa sura zilezile kama zetu. Walipomwita nilisimama naye, akaniketisha.

"Bakia hapa. Kama ni kulia, nalia mbele ya munganga. Yeye haniyue."

Sijui alikaa ndani muda gani. Alipotoka alikuwa anatembea vizuri, mkoba begani, kilemba kimenyooka, na kwa sekunde mbili nilimshukuru Mungu bure. Akasimama mbele yangu. Akasema ni kansa. Akasema watamkata titi lote, Kigali, mwezi ujao, halafu dawa ile inayoangusha nywele. Alimwuliza daktari kama amechelewa, na daktari alisema hakuchelewa sana lakini hakuwahi pia, kwamba wiki zile zilizopotea zingefaa kitu. Alisema hayo yote bila kunilaumu, akinisomea tu alivyoambiwa.

Nilisikia yote. Nilisikia Kifaransa cha ugonjwa na Kinyarwanda cha dawa, nilisikia mahali alipomeza mate, na nilisikia zile wiki. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mtu hivyo, na ningetoa chochote nisiwe nimesikia.

"Rudia," nikasema.

"Haukusikia tena?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Nimesikia, ma chère. Nimesikia yote."

Aliniangalia usoni, pale mbele ya watu wote, mwanamke mzima nalia kama mtoto. Akaketi kando yangu, akaweka mkoba magotini, akaanza tena tangu alipoingia mlangoni na munganga kumwambia akae.